Albamu ya Kwanza ya Taarab: Unguja, Tanga au Mombasa?

Ukiingia duka la santuri na kuomba albamu nzuri ya taarab, muuzaji anayejua kazi yake hatakupa kitu kabla ya kukuuliza unapenda kusikiliza nini hasa: maneno, nyuzi au ngoma. Taarab ya Unguja, ya Tanga na ya Mombasa hutofautiana kwa ala, kwa urefu wa nyimbo na hata kwa Kiswahili kinachoimbwa. Anayenunua bila kuulizwa mara nyingi huangukia okestra kubwa ya fidla wakati masikio yake yanatafuta gita. Anasikiliza nyimbo mbili, anaifungia kabatini, kisha anasema taarab inachosha.

Hapa tunalinganisha albamu tano tunazozipendekeza mara kwa mara kwa mtu anayeanza. Kutoka Unguja ni Zanzibara 1 ya Ikhwani Safaa (Buda Musique, 2005) na Spices of Zanzibar ya Culture Musical Club (Network, 1996). Kutoka Tanga ni Nyota, yenye nyimbo za Black Star na Lucky Star (Globestyle, 1989). Kutoka Mombasa ni Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party (Globestyle, 1990) na Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh na Maulidi Musical Party (Globestyle, 1992). Taarab ya kisasa, ile ya vinanda vya umeme na mipasho, tumeiacha kwa makusudi. Ile hununuliwa wimbo kwa wimbo, kwa msimu wake, na inastahili ulinganisho wake yenyewe.

Asiye na muda wa kusoma yote achukue Nyota. Sababu zinafuata, na wapo watu ambao hatungewapa hiyo kwanza.

Unguja: klabu mbili, okestra mbili

Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Zanzibara 1 ilitoka klabu ilipotimiza miaka 100. Ukitaka kujua taarab ya Unguja inasimama juu ya nini, hapa ndipo pa kuanzia. Utasikia kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya kudonoa), udi (ala ya nyuzi jamaa ya gita), nai (filimbi), safu ya fidla, akodiani, chelo, besi kubwa la kusimama, dumbak (ngoma ya mkono) na rika (tari ndogo), pamoja na waitikiaji. Athari ya Misri iko wazi: fidla zote hupiga sauti moja kwa pamoja, zikifuata njia ile ile ya mwimbaji au zikimjibu anapomaliza mshororo.

Hapo ndipo wasikilizaji wengi wapya hukwama. Sikio lililozoea dansi au muziki wa kanisani linasubiri sauti zipangwe juu na chini, na zisipokuja linaona nyimbo zinajirudia. Kinachobadilika kimo ndani ya mstari mmoja. Sikiliza kanuni peke yake kwa wimbo mzima. Ina nyuzi 70 na zaidi, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji anazidonoa kwa kucha za bandia zilizovaliwa kwenye vidole vya shahada. Fidla zikishika noti moja ndefu, kanuni inaizungukia kwa noti nne, sita, nane, na hairudii pambo lile lile ubeti unaofuata. Ukishalisikia hilo mara moja, malalamiko ya kujirudia huisha.

Urefu nao uuelewe mapema. Wimbo wa Unguja wa dakika nane au kumi ni wa kawaida kabisa. Kwanza huja utangulizi wa ala, halafu ubeti, kiitikio, kipande cha ala, ubeti tena. Beti zenyewe kwa kawaida huwa na mishororo mitatu yenye mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Ukumbini ule mwendo wa polepole una kazi: mama mwenye kijembe chake au furaha yake anapata nafasi ya kuinuka, kutembea hadi mbele na kumtunza mwimbaji ubeti unaomgusa ukifika. Nyumbani hakuna kutunza, kwa hiyo mwenye haraka ataona wimbo unakawia. Zanzibara 1 haifai kupigwa huku unaosha vyombo.

Culture Musical Club, yenye makao Vuga, ilianza mwaka 1958 na ala zake ni karibu zile zile. Tofauti iko kwenye uzito wa ngoma. Wanamuziki wengi wa Culture ndio pia hupiga kidumbak, yaani taarab ya harusini ya watu wachache: fidla moja, sanduku la besi lenye uzi mmoja, vidumbak viwili vya udongo, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonga). Mazoea yale yanaingia kwenye okestra. Kwenye Spices of Zanzibar dumbak na bongo ziko mbele zaidi, waitikiaji wanawake wana nguvu, na mwili unaanza kutikisika kabla hujajua wimbo unasema nini. Kati ya hizi mbili, mtu wa mashairi na utulivu tunampa Ikhwani Safaa, na mtu anayetaka okestra kubwa lakini ang'ang'anie mdundo tunampa Culture. Kwa msikilizaji wa kwanza kabisa Culture inashinda, ingawa Ikhwani Safaa ndiyo utakayoirudia miaka kumi baadaye.

Kosa la kawaida kwa albamu zote mbili ni kuzisikiliza kwenye spika ya simu. Spika ile haina uwezo wa sauti za chini, kwa hiyo chelo na besi hupotea kabisa, dumbak hubaki kama kidole kinagonga meza, na fidla hugeuka mlio mkali. Okestra ya watu zaidi ya 15 inabaki watu wanne. Tumia vifaa vya masikioni vyenye kufunika sikio, au spika zenye koni ya inchi tano kwenda juu. Usiongeze sauti za juu, kwani fidla nyingi pamoja tayari zina makali ya kutosha.

Tanga: gita, dakika chache, maneno wazi

Black Star, na baadaye Lucky Star iliyotokana nayo, walifanya jambo la ujasiri: waliiondoa kanuni na safu ya fidla, wakaweka gita la umeme, gita la besi, akodiani au kinanda, bongo na manyanga. Mwendo ukasogea karibu na rumba na dansi ya wakati ule. Nyota imekusanya rekodi zao, na ndani yake mna ule uimbaji wa Tanga uliomfanya Shakila Saidi ajulikane Afrika Mashariki yote.

Tunaiweka mbele kwa wanaoanza kwa sababu tatu, na ya kwanza ndiyo nzito. Kikundi ni kidogo, hivyo sauti ya mwimbaji haigombani na kitu. Gita hupiga vifungu vifupi kati ya mishororo, kisha linanyamaza au linashuka mwimbaji anapofungua kinywa. Kila silabi inafika. Anayejua Kiswahili ataelewa shairi mara ya kwanza, na anayejifunza ataweza kuandika maneno kwa kusikiliza mara tatu au nne, jambo ambalo kwa okestra ya Unguja litamtoa jasho.

Ya pili ni urefu. Muziki huu ulikuzwa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja unabeba dakika tatu au nne tu kabla sauti haijaanza kufifia, kwa sababu mifereji inapobanana inabidi irekodiwe kwa nguvu ndogo. Mtunzi alilazimika kuingia moja kwa moja: vipimo vichache vya gita, ubeti, kiitikio, gita, ubeti, kwisha. Ya tatu ni kwamba rekodi hizi zinavumilia vifaa duni. Uzito wake uko kwenye sauti za kati, palepale spika ndogo inapofanya kazi vizuri, kwa hiyo hata redio ya jikoni itakupa sehemu kubwa ya wimbo.

Mapungufu yapo. Gita la besi katika baadhi ya rekodi za namna hii hunguruma na kuvimba, kwa sababu lilirekodiwa karibu mno na kipaza sauti au kwa nguvu kupita kiasi. Ukiwa na mashine yenye kitufe cha besi, kipunguze kidogo badala ya kukiongeza. Na ukinunua Nyota ukitarajia bashraf (kipande cha ala tupu), udi unaotangatanga peke yake au hisia ya Cairo, hutazipata. Kwa mtu aliyekuja kutafuta hivyo tu, Tanga si pa kuanzia.

Anayependa dansi la zamani la Tanzania au rumba ya Kongo tunamwekea Nyota mkononi bila kusita. Gita litamwingiza, na mashairi yatambakisha.

Mombasa: udi wa Zein, chakacha ya Zuhura

Mombasa ina njia mbili ambazo hazifanani, ndiyo maana tunaweka albamu mbili.

Zein l'Abdin alizaliwa Lamu akahamia Mombasa, na Mtindo wa Mombasa ni albamu ya mpiga udi kabla ya yote. Udi wake una asili ya Uarabuni kusini, wenye mapigo ya haraka ya kidonoo na vituo vya ghafla, nao unaongoza kikundi kidogo. Mashairi ni ya hali ya juu. Zein alifanya kazi na washairi wakubwa wa pwani ya kaskazini, akiwemo Ahmed Sheikh Nabhany. Msikilizaji wa bara au wa Dar es Salaam ajiandae na lahaja: utasikia nti kwa nchi, ndia kwa njia, mato kwa macho. Hilo halizuii kufurahia, lakini anayetaka kufuata kila neno tangu siku ya kwanza atafute mtu wa Lamu au Mombasa asikilize naye, au aanze na Tanga.

Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh iko upande wa pili. Mdundo wake ni chakacha, ngoma ya harusi ya wanawake, inayoenda kwa sita na kukufanya usijue uhesabu mbili au tatu. Na katikati yake kuna tashkota.

Tashkota tuiangalie kwa karibu, maana ndiyo inayoamua kama utaipenda albamu hii. Ni ala iliyobuniwa Japani mwaka 1912. Ni ubao mrefu wenye nyuzi chache, na juu yake vitufe vinavyofanana na vya taipureta. Mkono wa kushoto unabonyeza kitufe, nacho kinakandamiza uzi kwenye alama ya noti. Mkono wa kulia unakwaruza nyuzi kwa kipande kigumu. Kwa kuwa nyuzi hupigwa kwa pamoja, kila noti inatoka na mlio wa chuma unaometameta, na vitufe vyenyewe vina kelele yake ndogo. Ikiunganishwa na umeme, mlio unakuwa mkali zaidi na unapenya juu ya ngoma na vigelegele. Wapo wanaoupenda papo hapo, na wapo unaowaumiza kichwa kwa dakika kumi. Usinunue Jino la Pembe bila kusikiliza angalau wimbo mmoja mzima, kwa sauti ya juu kama ya shereheni, kwa sababu ukiisikiliza kwa sauti ndogo utabaki na chuma bila ngoma.

Zein ni wa usiku, kwa mtu mmoja au wawili waliokaa. Zuhura ni wa mchana na watu wengi. Anayetaka albamu ya kupiga kwenye shughuli ya nyumbani, kati ya hizi tano zote, achukue Zuhura, na Spices of Zanzibar iwe ya akiba.

Namna ya kujaribu kabla ya kulipa

Usisikilize mwanzo wa wimbo tu. Utangulizi wa ala wa Unguja unaweza kupita dakika moja kabla mtu hajaimba, na wengi huhukumu albamu nzima kwa sehemu hiyo. Ruka hadi ubeti wa kwanza, sikiliza hadi kiitikio kirudi mara ya pili, kisha nenda albamu nyingine. Dakika tatu kwa kila moja zinatosha, isipokuwa Jino la Pembe. Anza na Nyota, halafu Zein, halafu Spices. Ukianza na okestra kubwa, kikundi kidogo kitakachofuata kitaonekana kimepungukiwa bure.

Nakala iliyotumika inahitaji macho. Santuri ishike kwa kingo, iinamishe chini ya taa moja yenye nguvu na uizungushe taratibu. Mistari hafifu inayoonekana kwa pembe moja tu na kupotea ukigeuza mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo unaokatiza mifereji, na ambao ukipitisha ukucha kwa wepesi unakwama, utarusha sindano au kugonga kila mzunguko. Kisha ishike ikiwa imelala, usawa wa macho yako: ikiwa imepinda kama sahani iliyokaa juani, sindano itapanda na kushuka na sauti ya fidla itayumba. Noti ndefu za fidla na nai hufichua yumbo hilo kuliko muziki wowote wa gita, kwa hiyo usikubali mpindo kwenye okestra ya Unguja hata kama bei ni nzuri.

Kwa sidii, watu hukagua upande unaong'aa na kusahau ule wenye maandishi. Taarifa ziko karibu zaidi na upande wa maandishi. Iinue mbele ya taa: ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, tabaka la alumini limetoboka na hakuna dawa. Mikwaruzo midogo upande wa chini mara nyingi husomeka, hasa ile inayotoka katikati kwenda ukingoni. Ile inayofuata duara ndiyo hatari.

Nakala za mtandaoni zina ugonjwa mwingine. Nyingi zimetolewa kwenye kanda, na mashine ya kanda iliyokuwa ikikimbia hufupisha wimbo na kupandisha sauti. Kasi ikizidi kwa asilimia tano tu, wimbo wa dakika 10 hupungua karibu nusu dakika na kila noti hupanda karibu nusu toni. Mwimbaji wa miaka 40 anasikika binti. Linganisha muda wa wimbo na ule ulioandikwa kwenye jalada la albamu. Tofauti ya sekunde mbili tatu si kitu, ya sekunde 20 ni kasi iliyoharibika. Faili ndogo sana, za kilobiti 64 kwa sekunde, huzifanya rika na fidla zitoe mchakacho kama maji yanayochemka, nao huwezi kuuondoa baadaye. Tafuta 192 na zaidi, au faili isiyobanwa.

Zisizo za kwanza, ila usizikose

Wateja wengi huja wakimtaka Siti binti Saad mwanzo. Tunawaelewa; yeye na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928 na kuifanya sauti ya Kiswahili ijulikane kwenye santuri. Poetry and Languid Charm (Topic, 2007), iliyokusanya rekodi za Tanzania na Kenya za miaka ya 1920 hadi 1950, ni njia nzuri ya kuifikia enzi hiyo. Lakini inunue ya pili au ya tatu. Santuri za mizunguko 78 zilibeba takriban dakika tatu upande mmoja, nyimbo zilikatwa ili zienee, na mchakacho wa sindano uko palepale na mwimbaji. Watu hujaribu kuufuta kwa kushusha sauti za juu, wakajikuta wamefuta pia "s", "sh" na "ch", na shairi haliwezi kueleweka bila hizo. Acha vitufe katikati, punguza sauti kwa jumla, sogea karibu na spika. Baada ya nyimbo nne sikio linaacha kuhesabu mchakacho.

Bi Kidude naye ana nafasi yake. Zanzibara 4, ya mfululizo ule ule wa Zanzibara 1, imewekwa kwa ajili yake, na inamfaa zaidi anayetaka sauti moja yenye nguvu kuliko anayetaka kuielewa klabu.

Kwa anayetoka kwenye mojawapo ya zile tano na kutaka inayofuata, mapendekezo yetu ni haya. Baada ya Nyota, Zanzibara 2, ambayo ni ya Mombasa ya 1965 hadi 1975: vikundi vidogo, nyimbo fupi, na gita likikutana na udi na tashkota, kwa hiyo utavuka mpaka bila kushtuka. Baada ya Spices of Zanzibar, Kidumbak Kalcha kwa albamu yao Ng'ambo (Dizim, 1997), usikie ngoma ile ikiwa imeachiwa uwanja wote. Baada ya Zanzibara 1, Bashraf ya Culture Musical Club (Dizim, 2000), ambayo ni ala tupu. Hiyo pia ndiyo tunayompa mwanafunzi wa fidla au udi, kwa sababu hakuna mwimbaji wa kumfunika, na anaweza kupunguza kasi kwenye programu ya simu hadi asilimia 75 na kufuata noti kwa noti. Baada ya Zein au Zuhura, nunua yule mwingine kati yao.